Mjadala: Jina la Meinertzhagen libaki kwa nguruwe wetu?

Mchuma Chai (Nandi Hills): Ndugu zangu, yule nguruwe mkubwa mweusi wa msituni, wanasayansi wanamwita Hylochoerus meinertzhageni tangu 1904. Jina ni la Richard Meinertzhagen, ofisa wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki. Tarehe 19 Oktoba 1905 ndiye aliyemuua Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wetu, yaani kiongozi wetu sisi Wanandi, walipokutana kwa mazungumzo ya amani. Mimi nasema jina litolewe. Ninyi je?

Msomi wa Porini: Nguruwe hajui anaitwa nani. Tume ya majina ya wanyama ilishasema 2023 kwamba haibadilishi majina kwa sababu za kimaadili. Halafu tuseme yote: Wanandi walikuwa wakiiba nyaya za simu na kuvamia reli. Ofisa yule alichunguzwa mara tatu akaonekana hana hatia, na nishani ya kijeshi ya DSO akapewa. Nishani hawapewi wezi.

Mchuma Chai: Kuiba? Reli ilipita kwenye ardhi ya nani? Bibi yangu alikuwa na kikuku cha waya ule, kizito, kimesuguliwa na ngozi hadi kinang'aa upande wa ndani. Alikirithi kwa mamake. Akiulizwa alisema, "Hii ni kodi ya njia." Usiniambie wizi.

Kabati la Ndege: Msomi, DSO alipewa 1916 kwa vita dhidi ya Mjerumani, haihusiani na Nandi. Na kwa neno lako la wezi: huyu bwana aliiba ndege waliokaushwa kwenye makumbusho, akawabandikia lebo mpya zenye mahali na tarehe za uongo. Kuna bundi wa India aliyedai kumpata 1914. Watu wakamtafuta alikoelekeza, wapi! Walipoacha kuamini lebo yake ndipo akaonekana tena, 1997.

Msomi wa Porini: Ndege ni ndege. Vitani alikuwa mtu wa ujasusi wa kweli. Hata kwenye vita vya Tanga 1914, Waingereza walishindwa na nyuki tu, si Wajerumani.

Mwana wa Chumbageni: Nyuki tu?! Walishuka askari kama 8,000 kutoka India, upande wa Mjerumani hawafiki hata 1,500. Walikuja na mizinga, na kwenye minazi wakakuta mizinga mingine, sawa, nacheka na mimi. Lakini nyuki waliuma pande zote mbili! Waliowarudisha Waingereza baharini ni askari Waafrika wa Mjerumani, na babu wa baba yangu alikuwemo. Habari ya nyuki ni kisingizio cha aliyekimbia akaacha bunduki ufukoni.

Mngoni Halisi: Mkuu, na wewe usitambe sana na askari wa Mjerumani. Mwaka uleule wa 1905 Koitalel anauawa, huku kwetu Maji Maji imeanza. Askari hao hao walichoma vihenge vya mahindi na watu wakafa njaa. Babu yako alikuwa wapi?

Mwana wa Chumbageni: Umenigusa pabaya. Babu aliingia jeshini 1912. Hakuchoma kihenge cha mtu. Futa kauli.

Mngoni Halisi: Sifuti. Sikumtaja yeye, nimetaja jeshi.

Kabati la Ndege: Jamani, baadhi ya mnayobishania ya Tanga yanatoka kwenye shajara za Meinertzhagen mwenyewe. Mtu aliyebandika lebo za uongo kwenye ndege, mnamwamini vipi kwenye vita? Hata ya Koitalel, kwamba alishambuliwa yeye kwanza, shahidi ni yeye.

Mchuma Chai: Hapo umesema. Kwetu tunasimuliwa kwamba Koitalel alinyoosha mkono kusalimia. Fimbo zake tatu zilirudi 2006, zilikuwa kwa mtoto wa huyo ofisa. Wazee wanasema na kichwa kilipelekwa Uingereza. Hicho hatujakiona hadi leo. Jina la nguruwe ndilo dogo katika madai yetu, na hilo dogo tunanyimwa!

Mwana wa Chumbageni: Pole, ndugu yangu wa Nandi, nakuunga mkono, litolewe. Lakini Mngoni bado hajafuta kauli.