Ua la Usambara na heroe: nani atangulie kulindwa?

Ndugu zangu, mchangiaji aliyenitangulia anasema kwamba fedha za hifadhi, kwa kuwa hazitoshi, ziende kwanza kwa ua la Usambara (African violet) kwa sababu ni adimu, na kwamba heroe (flamingo), wanaojaa kwa maelfu katika maziwa ya magadi kuanzia Bogoria hadi Manyara, wanaweza kusubiri. Ua hilo nalipenda mno, lakini kipimo cha mwenzangu huyo sikikubali.

Porini ua hili hushika nyufa za majabali yenye unyevu, majani yake yenye vinyweleo yakiwa yamelala juu ya jiwe, na udongo linaoutegemea haujazi kiganja. Ukikata mti unaolitia kivuli, jua hulimaliza. Aina yake ya Taita, nchini Kenya, hupatikana kwenye kilima cha Mbololo tu. Hata hivyo, tangu Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alipolipeleka kwao mwaka 1892, limesambaa katika vyungu vya dunia nzima, kwa kuwa jani moja likichomekwa huota. Ua la chungu si badala ya ua la msituni, lakini angalau ni akiba.

Heroe hawana akiba hiyo. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wote duniani wa ile aina iitwayo heroe mdogo huzaliwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, na wingi huo tunaouona kwingine hutoka huko. Kila jozi hufinyanga kichuguu cha tope na kuweka juu yake yai moja tu, katikati ya maji makali ya magadi ambayo fisi na mbweha hawayavuki. Maji yakizidi, viota huzama. Yakikauka sana, fisi hupita. Ndiyo maana mpango wa kujenga kiwanda cha magadi huko Natron uliozua ubishi mkubwa kabla ya mwaka 2008 ulinitia hofu kuliko jambo lolote lililowahi kuwapata ndege hao.

Kwa hiyo nasema Natron itangulie. Ila ua nalo lisiachwe, maana kulilinda hakuhitaji mamilioni, bali miti isimame. Wenzetu wa Amani, kule milima ya Usambara, mnaolima iliki chini ya miti hiyo, mngetaka mlipwe nini ili kivuli kibaki?