Wakuu naombeni ushauri: PhD ya GIS Uholanzi au nibaki Kigoma?

Mtoto wa Ujiji: Wakuu habari za usiku. Nina masta ya GIS (mambo ya ramani kwa kompyuta), nipo kwenye mradi wa kuchora ramani za misitu hapa Kigoma, mkataba unaisha Desemba. Nimepata PhD Uholanzi, miaka 4, wanalipa kila kitu, naendeleza tasnifu yangu ya masta ya ukataji wa miombo kule Uvinza kwa picha za setilaiti ya Landsat. Wiki 2 sasa sipati usingizi, sijui niende au nibaki.

Mgebuka Mkavu: Yaani unalipiwa halafu unawaza? Mdogo wangu ana digrii ya mazingira, tangu amalize chuo anauza dagaa Kibirizi. Nenda dogo.

Bi Mwanga: Mwanangu umeoa? Mume wangu alienda kusoma nje mwaka mmoja tu akarudi mtu mwingine kabisa. Kaa na mwenzio kwanza muongee.

Mpima Ardhi: Kuna kitu hujasema mkuu. PhD ya bure haimnyimi mtu usingizi.

Mtoto wa Ujiji: Sijaoa mama. Haya basi. Kwenye tasnifu niliandika nimehakiki ramani kwa pointi 200 za GPS nilizofika mwenyewe. Nilifika 70. Mvua zikaanza, hela ya boti ikaisha, zilizobaki nikazitoa Google Earth nikiwa geto. Sasa supavaiza anataka tuichapishe kabla sijaondoka. Ila picha zenyewe zinaonekana vizuri tu jamani na wengi wanafanya hivyo, sioni niliyemdhulumu.

Kijana wa Reli: Hii chai. Boti ya kwenda Uvinza? Pale nashuka na treni kila mwezi, kuna chumvi, ziwa liko wapi?

Mgebuka Mkavu: 😂😂 na mimi nilishaanza kumwonea huruma

Mtoto wa Ujiji: Kwenye chumvi ni Uvinza mjini, mimi nasema wilaya. Sunuka, Sigunga, Herembe zote ni Wilaya ya Uvinza na ziko mwambao wa Tanganyika. Sijaja hapa kutunga.

Mpima Ardhi: Hapo kwenye boti yuko sahihi. Dogo, kutoa pointi kwenye picha siyo kosa, watu wanatoa na wanaandika wazi, kosa lako ni hilo neno "nilifika". Halafu miombo inapukutisha majani kiangazi, picha ya Agosti au Septemba msitu mzima unaweza kuuona kama shamba, na pikseli ya Landsat, yaani kidoti kimoja cha picha, ni mita 30 kwa 30, humo humo kuna mihogo na miti. Ndiyo maana tunatembea kwa miguu. Hizo 130 hujui ngapi ni za kweli na PhD yote unaijenga juu yake. Mwambie supavaiza kabla hamjachapisha.

Mtoto wa Ujiji: Na wakinifutia nafasi? Barua ya kukubali nilisaini Jumatatu, mama ameshatangazia ukoo mzima.

Mvuvi wa Sunuka: Niko Sunuka, pikipiki ninayo, mvua bado hazijaanza. Za huku ambazo hukufika ni ngapi?

Mtoto wa Ujiji: 41.

Mvuvi wa Sunuka: Njoo Jumamosi.