Naomba ushauri: vyumba sita vya kupangisha, Kisauni

Wakubwa shikamooni. Nina kiwanja cha futi 40 kwa 60 hapa Kisauni. Fundi anataka vyumba vipangwe mgongo kwa mgongo, mabati bila dari, choo kimoja. Chumba cha hivyo nimekikalia mimi: saa nane mchana ukuta haugusiki, usiku watoto tunawalaza nje mkekani.

Mimi nawaza nyumba ya Kiswahili ile ya wazee, baraza mbele, ukumbi katikati wa kupitisha upepo wa kusi, uani nyuma. Ila ukumbi unakula chumba kizima, na hiyo ni kodi ya mpangaji mmoja! Makuti yana baridi lakini moto nauogopa. Je, nikiinua kuta na kuacha matundu juu, joto litapungua? Na vyoo viwili vitatosha?