Mjadala: Visima vya mvuke ndani ya Hell's Gate, viendelee kuongezwa au sasa basi?

Mlinzi wa Korongo:
Wadau, naomba tulijadili hili bila kuogopana. Hell's Gate pale Naivasha ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 68 na kidogo. Humo humo ndiko kuna visima vya Olkaria vya kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, mabomba ya mvuke, barabara za malori na nyaya za umeme zinazokatiza mbele ya majabali wanakozalia tumbusi wa Rüppell. Kila miaka ikipita kidogo mtambo mwingine unaongezwa. Olkaria IV ulikuja 2014, Olkaria V 2019, na 2022 pale Olkaria I wakaongeza tena. Matundu ya mvuke ambayo mgeni alikuja kuyaona yametokea yenyewe ardhini, leo anayaona yamezungukwa na mabomba. Mbuga ilitangulia, umeme ukaja kuvamia. Mimi nasema basi. Kisima kipya kisichimbwe tena ndani ya mpaka wa mbuga. Nani ananipinga?

Shangazi wa Nakuru:
Nakupinga mimi. Wewe ulikuwa wapi mwaka 2000 ukame ulipokausha mabwawa tukawekewa mgao wa stima? Mimi nilikuwa na cherehani ya umeme na watoto wa kulisha. Mvuke wa Olkaria hauulizi kama mvua imenyesha. Leo karibu nusu ya umeme wa nchi hii unatoka ardhini, na mwingi wake ni hapo hapo unapotaka kufunga. Tumbusi ana mabawa, anaweza kuhama.

Mwendabaiskeli:
Shangazi, shikamoo, lakini hilo la tumbusi kuhama si kweli. Ndege yule huzaa majabalini, na hana mahali pengi pa kwenda. Tena adui yake mmojawapo ni nyaya. Anapaa mzito, hazioni, anajigonga.

Fundi Visima:
Mlinzi, kabla hatujafika mbali, umesema mbuga ilitangulia. Mtambo wa kwanza wa Olkaria I uliwashwa 1981. Mbuga ilitangazwa 1984. Waliochora mpaka wa mbuga walikuwa wanauona moshi wa mvuke kwa macho yao, wakauzungushia mpaka hivyo hivyo.

Mlinzi wa Korongo:
Fundi umekimbilia tarehe kwa sababu hoja yenyewe inakuchoma. Hata kama mtambo ulikuwepo, ulikuwa mmoja, wa megawati 15. Haukuwa msitu wa mabomba kama sasa. Mtu akikukaribisha sebuleni hujapewa nyumba nzima. Na swali langu halikuwa nani alitangulia, swali ni tunaishia wapi.

Fundi Visima:
Wewe ndiye uliyeleta habari ya kutangulia. Ila sawa, tuishie wapi? Nitasema ninachokiamini, na nimefanya kazi za visima miaka mingi. Olkaria haina chemchemi za kurusha maji. Ina matundu ya mvuke na ardhi ya moto, kwa kuwa maji yako chini sana. Kisima kinakwenda kilomita mbili hadi tatu. Unavuta mvuke na maji, mvuke unazungusha mtambo, maji yanayobaki yanarudishwa ardhini. Ukisimamia vizuri, yale matundu hayafi.

Hatari iko kwenye chemchemi zinazorusha maji. Hizo zinategemea presha ya maji yaliyo karibu na uso wa ardhi. Punguza presha hiyo kidogo tu, imekwisha. Kwa Kenya hizo ziko Ziwa Bogoria, kaunti ya Baringo. Hakuna mahali Afrika penye chemchemi za kurusha maji nyingi kama pale. Kwa hiyo kelele zote hizi za Hell's Gate naona zimeelekezwa pasipo. Tuulize Bogoria ina kinga gani. Marekani wana sheria ya 1970 iliyorekebishwa 1988 ili kuzuia uchimbaji wowote utakaoathiri chemchemi za Yellowstone, hata ule ulio nje ya mpaka wa hifadhi. Sisi tuna nini cha namna hiyo?

Kibaraza cha Mbeya:
Natoa mfano wa New Zealand. Pale Wairakei mtambo uliwashwa 1958, na bonde lililokuwa na chemchemi za kuruka likanyamaza. Watalii walikuwa wanaenda, wakaacha. Sisi huku Tanzania tuna chemchemi za maji moto za Songwe, tuna Maji Moto ndani ya Hifadhi ya Ziwa Manyara, na serikali inautaka mvuke wa Rungwe. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kenya msituharibie mfano. Mimi nilifika Bogoria tukachemsha mayai kwenye chemchemi, yakaiva vizuri, tukala hapo hapo. Kwangu hayo ndiyo matumizi halali ya maji moto, hayahitaji kuchimba chochote.

Mwendabaiskeli:
Kibaraza ulichemsha mayai kwenye chemchemi ya kurusha maji na unakuja kutuambia ni matumizi halali? Ndugu yangu, hayo ndiyo yanayoua chemchemi kabla mtambo haujafika. Yellowstone kuna bwawa linaitwa Morning Glory, lilikuwa la bluu tupu. Watu wametupa sarafu na takataka miaka nenda rudi, njia ya maji moto ikazibika, joto likashuka, na rangi ya njano na machungwa ikaingia kutoka kingoni. 2020 kuna watu walishtakiwa kule kwa kuchemsha kuku kwenye maji moto ya hifadhi, na wakapigwa marufuku kurudi. Kuku wawili tu.

Kibaraza cha Mbeya:
Mayai yalikuwa kwenye wavu na tukaondoka nayo yote. Sijatupa sarafu. Na Bogoria si Yellowstone. Wenyeji wenyewe ndio waliotuelekeza.

Mwendabaiskeli:
Wenyeji wakikuelekeza kosa, linabaki kosa. Ukifika pale Loburu, kwenye chemchemi za Bogoria, utaona maganda ya mayai, mifuko ya plastiki, magunzi ya mahindi. Watu wa huko wanachafua mali ya dunia nzima kwa ajili ya shilingi mbili tatu za mgeni.

BintiLoboi:
"Watu wa huko" ni sisi. Nimekuwa nasoma kimya tangu mwanzo, sasa nitasema.

Mwendabaiskeli, yale maganda yanaletwa na magari yanayotoka mjini. Anayekuja kuyaokota asubuhi ni kaka yangu na wenzake, na hakuna anayewalipa kwa kuokota. Kijana anayempeleka mgeni mpaka kwenye tundu salama anamwokoa asikanyage ardhi ya juu juu. Gamba lile ni jembamba, chini yake kuna maji yanayotokota, mtu anazama mguu mzima. Ng'ombe tumewapoteza hivyo. Mgeni akitaka kuchemsha yai anaonyeshwa mfereji unaotoka kwenye chemchemi, haonyeshwi mdomo wake. Hilo tumefundishwa na wazee, si na bango la mbuga.

Na hiyo unayoiita mali ya dunia nzima, sisi Waendorois tulitolewa pale miaka ya sabini hifadhi ilipotangazwa. Ziwa lile ndiko tulikokuwa tunafanya ibada zetu na kulisha chumvi mifugo. Tulikwenda mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na 2010 ikatoka kwamba tulidhulumiwa. Ukiamka leo kutuita wachafuzi, soma hilo kwanza.

Mwendabaiskeli:
Dada, sijamtukana mtu wa kabila lolote. Nimesema uchafu upo, na upo. Kuonewa zamani hakugeuzi ganda la yai kuwa mbolea.

BintiLoboi:
Umesema "watu wa huko wanachafua". Maneno yako yako hapo juu, usiyazunguke.

Shangazi wa Nakuru:
Wanangu, punguzeni. Mimi nilikuwa nazungumzia stima sasa tuko kwenye mayai. Binti yangu wa Loboi, pole kwa hayo. Lakini mbona wewe hujasema kama unataka visima au huvitaki?

Mlinzi wa Korongo:
Hapo Shangazi umegusa. Na Waendorois si peke yao. Wamaasai wa Olkaria walihamishwa 2014 kupisha Olkaria IV, wakapelekwa kule wanakoita RAPland, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia, ukaguzi ukafanyika, ikabidi usuluhishi. Ndiyo maana nasema basi. Mnaona?

Fundi Visima:
Mlinzi, asubuhi ulikuwa unatetea matundu na tumbusi, sasa ni watu waliohamishwa. Yote ni mambo mazito, ila swali lako limehama na wewe hujasema kwamba limehama. Swali langu mimi halijajibiwa na mtu. Wairakei ya Kibaraza, maji yaliyotumika yalimwagwa mtoni, hayakurudishwa ardhini. Rotorua, nchi hiyo hiyo, mwaka 1986 serikali iliagiza visima vyote vilivyo ndani ya kilomita moja na nusu kutoka chemchemi ya Pohutu vifungwe, na zilizokuwa zimedhoofika zikaanza kupata nguvu. Yaani inajulikana la kufanya. Unapima kilomita, unaandika kwenye sheria, unasimamia. GDC, kampuni ya serikali ya kuendeleza mvuke wa ardhini, tayari imepata mvuke Paka, kaunti hiyo hiyo ya Baringo. Paka ni mbali na Loburu, sina ugomvi na Paka. Lakini ni nani aliyeandika kwamba hawatashuka kusini?

Kibaraza cha Mbeya:
Fundi nakubaliana na wewe kwa la kilomita. Lakini mimi bado nataka Mwendabaiskeli aniambie, yai moja kwenye mfereji linaziba nini? Anieleze kitaalamu. Kunifananisha na watu wa kutupa sarafu sikukubali.

Mwendabaiskeli:
Moja haliwezi kuziba. Mia kwa siku, mwaka mzima, ni habari nyingine. Na mtoto anayekuona wewe mtu mzima umeinama pale, kesho atainama bila kijana wa kumwonyesha. Yellowstone zaidi ya watu 20 wameungua hadi kufa kwenye maji yale, na kule kuna njia za mbao na mabango. Sisi hatuna hata kamba.

BintiLoboi:
Kamba hatuna kwa sababu pesa ya langoni haituletei kamba. Hapo umesema kweli, na ungeanza na hilo tungeelewana mapema.

Shangazi, umeniuliza kuhusu visima. Kwanza mjue chemchemi zetu nyingine zimeshafunikwa bila kisima hata kimoja. Ziwa limepanda miaka hii, likameza barabara na sehemu ya Loburu. Zilizobaki ni chache kuliko alizoziona mama yangu. Pili, Bogoria si mbuga ya taifa kama Hell's Gate, ni hifadhi iliyo chini ya kaunti. Watu wanadhani KWS, shirika la wanyamapori la taifa, ndiyo itakayosema hapana siku wachimbaji wakija. Siku hiyo atakayeulizwa ni gavana, na gavana anahitaji pesa.

Mlinzi wa Korongo:
Kwa hiyo unasema hutaki.

BintiLoboi:
Nasema sitaki kujibiwa na mtu ambaye hataishi na jibu lake. Kijijini kuna giza, wazee hawapingi stima. Wanapinga kutoulizwa.

Fundi Visima:
Sheria ya nishati ya 2019 inasema mvuke ulioko ardhini ni wa serikali kuu, hata kama juu yake ni shamba lako. Mrabaha unagawanywa asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya pale. Kwa hiyo Binti, kuulizwa mtaulizwa, kwa mikutano na karatasi za kusaini. Uamuzi wa kuchimba au kutochimba hauko kwenu.

Shangazi wa Nakuru:
Asilimia tano? Ardhi yao, chemchemi zao, tano?

Fundi Visima:
Tano.

Kibaraza cha Mbeya:
Huku kwetu hata hiyo tano sijaisikia ikitajwa.

Shangazi wa Nakuru:
Stima naitaka na nitaendelea kuitaka, na Olkaria iendelee, Mlinzi asinichukie. Lakini Loburu iandikwe kilomita zake hizo kwenye sheria kabla ya mtu kupeleka mtambo wa kuchimba, na hiyo tano ipandishwe. Fundi, wewe unajua njia za hizi ofisi. Ombi kama hilo linapelekwa bunge la kaunti au Nairobi?

Fundi Visima:
Kote kuwili. Kaunti ndiyo yenye hifadhi, Nairobi ndiyo yenye mvuke. Binti, mna kamati?

BintiLoboi:
Kuna baraza la jamii, ndilo lililosimamia kesi. Nitawaambia. Na Mwendabaiskeli, ukija uje na mifuko ya kuokotea, kaka yangu atakuonyesha pa kuanzia.

Mwendabaiskeli:
Nitakuja nayo. Mayai siyaruhusu hata hivyo.