MREJESHO: Tochi ya fundi boti, Sahare

Wakuu, niliuliza tochi ipi itahimili kazi ya mashine za boti usiku hapa Sahare, Tanga. Nimechukua ya alumini, swichi moja tu nyuma, betri mbili za AA, IPX7, yaani inavumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Zile zenye modi tano nimeziacha; mkono umejaa grisi, nani abonyeze mara tano apate mwanga? Aliyesema niisuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na kupaka oringi (ule mpira wa duara unaozuia maji kuingia) grisi ya silikoni, asante sana mkuu, chumvi ya hapa haina huruma. Betri nazitoa nisipoitumia, zikivuja zinakula springi. Sasa natafuta ya kuvaa kichwani, kung'ata tochi kumenichosha.