UZI: Mara ya tatu nakosa ufadhili wa kadeti, na hakuna anayeniambia nilianguka wapi

Wadau, ni saa saba usiku na nimeshindwa kulala, basi wacha niandike. Atakayeudhika aniudhikie.

Orodha ya waliochukuliwa imetoka jana. Hatukupigiwa simu wala kutumiwa ujumbe. Imebandikwa kwenye ubao wa ofisi moja Kampala, mtu akaipiga picha, picha ikazunguka WhatsApp mpaka ikanifikia mimi hapa Malaba, mpakani na Kenya, ikiwa imefifia kama risiti iliyokaa juani. Nimeivuta kwa vidole hadi majina yakageuka madoa. Nimesoma kutoka juu kwenda chini, kisha chini kwenda juu, kisha nikampa mdogo wangu asome, nikidhani labda ni macho yangu. Simo.

Sitaji ofisi, sitaji nchi iliyotoa ufadhili, wasimamizi wa jukwaa tulieni. Aliyewahi kuomba kwenda kusomea uofisa nje anaijua safari yenyewe: tangazo, barua ya chairman wa LC1 (baraza la kijiji) yenye muhuri, barua nyingine za wilayani, mbio, daktari, usaili, halafu kimya. Hicho kimya ndicho kimenitoa kitandani. Kukosa nimekuzoea.

UNEB, baraza letu la mitihani, kwa ukali wake wote, inakupa karatasi. Hisabati D, Fizikia O. Unalia wiki moja, ya pili unajua kabisa ni kitabu gani ukifungue. Huku unapewa nini? Jina lako halipo. Tena wajomba na mapasta ndio hao wanakuja na lile neno lao, "Jifunze kutokana na makosa yako." Makosa gani, jamani? Nionyesheni hata moja.

Nianze na la aibu, ambalo nakubali lilikuwa langu, na silihesabu kwenye hizo mara tatu. Nilipomaliza S.6 (kidato cha sita), jamaa wa kafe ya intaneti mjini Tororo aliniambia kuna ufadhili wa Marekani unaitwa ROTC, unasomeshwa chuo kikuu bure, unatoka na nyota ya luteni usu. Nikampa 20,000 anijazie fomu. Nikaandika insha, wiki mbili nzima, kuhusu uzalendo. Uzalendo kwa nchi ya watu! ROTC inatolewa kwa raia wa Marekani, na jambo hilo limeandikwa kwenye masharti, wala halikufichwa popote. Nilipomrudia yule jamaa akanijibu, "Si ungeniuliza."

Tangu siku hiyo nikawa msomaji wa masharti. Nikajua kwamba hata West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, mgeni haombi kama anavyoomba chuo cha kawaida. Serikali yake inaalikwa, nayo ndiyo inamteua, na sheria yao inaruhusu wageni 60 tu kwa wakati mmoja, kutoka dunia nzima. Kozi ni miaka minne, kwa hiyo piga hesabu: ni kama watu 15 kwa mwaka. Ukikosa hapo, hata mama yako hawezi kukulaumu. Ila ukisoma vizuri hiyo hiyo ROTC iliyonichekesha, unakuta kijana wao asipochaguliwa kwenye kikao cha kwanza cha uteuzi, faili lake linapelekwa kikao kinachofuata. Akikosa kabisa, anaweza kujiunga na mafunzo chuoni bila ufadhili, akaushindania tena akiwa ndani. Uingereza nao wana kituo cha kuwachuja maofisa mahali panapoitwa Westbury. Kwenye mchujo wa awali unapewa daraja, wa daraja la 2 anaambiwa bado, nenda karekebishe, urudi. Karekebishe! Neno moja tu, mimi nimelitafuta miaka mitatu.

Sasa mara ya kwanza ya kweli. Faili langu halikufika hata kwenye mbio. Sababu niliijua miezi saba baadaye, kwa bahati, kwa sababu nilimbeba kwenye boda karani mmoja akiwa na haraka ya kuvuka mpaka, tukapiga soga. Akaniambia, "Wengi mnatupwa kwa ajili ya majina." Nikarudi nyumbani nikatoa makaratasi. Jina langu la ubatizo lina m mbili kwenye karatasi ya matokeo. Kwenye kitambulisho cha taifa lina m moja. Herufi moja, wadau! Aliyeligundua hilo mezani kwake alikuwa na kalamu mkononi. Kuandika "majina hayafanani" kungemchukua sekunde ngapi?

Nikalirekebisha. Nisiwachoshe na hadithi ya kurekebisha jina Uganda hii, hiyo inahitaji uzi wake.

Mara ya pili nikafika uwanjani. Nilipanda basi la usiku, nikashuka alfajiri, nikanywa makopo mawili ya vile vinywaji vya kuongeza nguvu ili nisisinzie. Tukaandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito. Mimi 117. Tukakimbia. Kufikia raundi ya tatu jasho lilikuwa limeishika ile namba, kichwa cha saba kimefutika, mkono wangu unasoma 111. Namba 111 mwenyewe alikuwa jamaa mnene kidogo wa kutoka Iganga, alikuwa nyuma yetu anapumua kama tela la lori. Nikamwonyesha msimamizi mkono wangu, akasema, "Endelea, endelea." Nikaendelea.

Nilimaliza kati ya kumi wa mbele. Kwa daktari nikavua shati, akatazama meno, akanisimamisha akatazama nyayo, akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha. Akasonya kidogo, hivi, "nch." Akaandika kwenye karatasi, akaikunja mara mbili, akaninyooshea kidole: "Nenda kule."

Kule kulikuwa getini.

Nikauliza askari wa geti, afande, nimekosa nini? Akanitazama kwa huruma, nakiri, huruma ya kweli, akasema yeye anafungua geti tu. Nikaingia kliniki ya watu binafsi nikalipa 60,000 wanipime kila kitu. Macho mazuri, masikio mazuri, moyo mzuri, presha ya mtoto wa shule. Nesi akaniuliza siku ile nililala saa ngapi na nilikunywa nini. Nilipomwambia, akacheka. Akasema ukikesha safarini halafu ukamimina vile vitu tumboni, presha inaweza kupanda siku hiyo na kesho yake ikashuka. Basi labda ilikuwa presha. Labda ni nyayo. Labda ni yule 111 wa Iganga ndiye aliyepewa mbio zangu, nami nikapewa zake. Natakiwa nijifunze lipi hapo?

Na matapeli wanaishi humo humo. Wiki ile ile alinipigia "kanali" mmoja, picha yake ya WhatsApp ina kombati, akaniambia tatizo langu ni kwamba "sina mtu", nimtumie milioni tatu anipe nafasi. Kila msimu wa kuandikisha, jeshi linatangaza kwamba kujiunga ni bure na hao ni wezi, na vijana wanaendelea kutuma pesa. Mnawashangaa? Mtu akishaambiwa kwa maandishi kwamba alianguka mbio, hatampa kanali wa WhatsApp hata mia, atanunua raba. Asipoambiwa kitu, yeyote mwenye simu anaweza kumtungia sababu, na sababu inayouzika kuliko zote ni "huna mtu".

Mara ya tatu, hii ya juzi, nilikwenda siku mbili kabla, nikalala kwa shangazi yangu Mukono, nikanywa maji kama ng'ombe. Mbio nikapita. Daktari nikapita, bila "nch". Nikaingia usaili nikiwa nimevaa shati la mzee.

Mezani walikuwa watatu. Wakaniuliza Tarehe Sita ni nini. Nikamwaga: Februari 6, 1981, shambulio la kambi ya Kabamba lililoanzisha vita vya msituni, wapiganaji wakiwa na bunduki 27. Wakanipa ramani ya 1:50,000, sentimita nne ni umbali gani ardhini. Kilomita mbili. Mwenyekiti akahamia Kiswahili ghafla, na hapo nilitaka kucheka. Kijana wa Kampala aliyetoka kabla yangu alikuwa nje anatokwa jasho, anauliza "kwani 'uongozi' maana yake nini?" Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye katiba yetu tangu 2005, na bado ukikizungumza sokoni kule kwao wanashika mifuko wakidhani wewe ni mwanajeshi au mwizi. Mimi nimezaliwa na koplo, nikakulia kati ya malori. Nilijua hapo nimeshinda.

Ndipo akaniuliza, "Umewahi kuongoza watu?"

Nikasema, "Hapana afande. Sikuwahi kuwa prifekti."

Akaandika. Akasema asante.

Nilipofika nyumbani mzee alikuwa kibarazani anachezea waya wa redio yake. Akataka nimsimulie swali kwa swali, naye anatikisa kichwa kila jibu, vizuri, vizuri. Nilipofika kwenye hilo, akauacha waya.

"Ulisema hapana?"

"Mzee, mimi ni mtu wa boda. Ningesemaje mbele ya maofisa?"

"Na ile steji yenu inajiongoza yenyewe?"

Sikumjibu. Steji yetu ina boda 34, mimi ni mwekahazina wake. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma hapa mpakani kwa sababu ya kupimwa korona, foleni ikarudi kilomita na kilomita ndani ya Kenya na petroli ikapotea nchini. Pale steji watu walikuwa wanakaribia kushikana mashati kwa ajili ya lita moja ya dumu (msiniulize dumu lilipita wapi). Mimi ndiye niliyekuwa nimemaliza S.6 na nina daftari. Nikaandika zamu: wenye wagonjwa wa kupeleka hospitali kwanza, kisha kumi wa asubuhi, kumi wa jioni, waliobaki wanalala na kesho yake wanaanza wao. Mwanamume mwenye umri wa baba yangu alinitukana mama, siku ya tatu akaja kuniuliza zamu yake ni lini. Hakuna pikipiki iliyochomwa wala mtu aliyepigwa.

Hilo ndilo jibu. Lilikuwa mfukoni mwangu nami nimekaa mbele ya watu watatu nasema hapana afande, kwa sababu shuleni nilifundishwa kwamba kiongozi ni prifekti mwenye beji. Walikuwa wananiuliza kitu ambacho nimekifanya, nikakionea haya.

Au siyo hilo. Hapo ndipo hasira inaponirudi. Huenda usaili nilipita na nikaachwa kwa ajili ya alama za Fizikia. Huenda wilaya yetu ilipewa nafasi moja na mwenzangu alinizidi kihalali, nami ningempongeza. Tangazo linasema umri usizidi miaka 22. Juni natimiza 23. Kwangu mimi habari imeisha, sitarudi kuomba, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema nalia ili nipendelewe. Naomba mstari mmoja tu kwa watakaokuja. "Namba 117, daktari." "Namba 117, usaili." Simu zetu mnazo, mlituandikisha wenyewe, tena mara mbili.

NIMEONGEZA, saa tatu asubuhi: Naona ndugu hapo chini ameandika kwamba mambo ya jeshi ni siri. Ndugu, mpango wa vita ni siri, sikuuliza huo. Presha iliyopimwa kwenye mkono huu ni siri ya nani, kama mwenye mkono haruhusiwi kuijua?

NIMEONGEZA TENA: Kwa wanaouliza, ndiyo, steji nimeenda leo, kazi inaendelea, tulieni. Aliyewahi kukaa upande wa pili wa ile meza aje atuambie wanaandika nini kwenye zile karatasi, hata bila kutaja jina. Waliowahi kuachwa nao waje waseme walichogundua baadaye na walikigundua vipi, tukusanye hapa hapa, maana inaonekana darasa letu ni hili.

Mdogo wangu yuko S.5. Asubuhi hii ameniambia anataka kuomba akimaliza, akanitazama kama anasubiri nimkatalie. Nimemwambia alete karatasi yake ya matokeo ya S.4 na kitambulisho, nikaviweka mezani kimoja kando ya kingine, nikafuata herufi moja moja kwa ncha ya kalamu. Jina lake la mwisho lina h. Kwenye kitambulisho haipo.