Mpira Zanzibar: historia ianze na Malindi au Kiungani?

Mtoto wa Mji: Jamani, skuli zetu zikifundisha historia ya michezo, mpira uhesabiwe kuanzia wapi? Mimi nasema Malindi, 1942. Klabu yenye jina, yenye watu wake mpaka leo. Kabla ya hapo watu walikuwa wanakimbizana peku tu Mnazi Mmoja.

Maalim: Ndugu yangu, umeruka zaidi ya nusu karne. Mpira uliingia na wamisheni wa UMCA, wale Waanglikana wa Uingereza. Vijana wa skuli yao ya Kiungani, wengi wao watoto waliokombolewa utumwani, majahazini, walikuwa wakicheza kabla karne ya 19 haijaisha.

Mn'gambo Asilia: Mimi nimekwama hapo kwenye "peku tu". Peku ndiyo nini? Babu yangu alicheza peku, kajifunga kitambaa kwenye vifundo, mkwaju wake kipa anaukwepa badala ya kuudaka. Nyie wa Mji mmezoea kuona viatu ndiyo mtu.

Mtoto wa Mji: Sijamtukana babu yako. Nimesema hawakuwa na klabu.

Mn'gambo Asilia: Ng'ambo, huku nje ya Mji Mkongwe, kila mtaa ulikuwa na timu yake. Klabu kwako mpaka iwe na baraza la kunywea kahawa?

Jangwani Damu: Nyinyi bishaneni. Yanga 1935. Tuliwatangulia miaka saba.

Maalim: Wewe nani kakualika? Hapa ni Unguja.

Kijana wa Kikwajuni: Halafu Mnazi Mmoja wenyewe tusiusahau. Pale palikuwa mkono wa bahari, Waingereza wakafukia, wakajitengea uwanja wa gofu na klabu yao. Sisi tukabaki kugombania kipande cha mpira.

Mtoto wa Mji: Gofu inahusu nini hapa?

Kijana wa Kikwajuni: Inahusu! Nani alipewa ardhi na nani alicheza, hiyo ndiyo historia. Hata Kombe la Gossage, la timu za Afrika Mashariki, Kenya na Uganda wameanza 1926, sisi tumeingizwa 1949. Kombe la muuza sabuni, na bado tumesubiri mlangoni.

Jangwani Damu: Kusubiri mlangoni mmezoea. CAF, shirikisho la mpira Afrika, si waliwapokea Machi 2017, Julai wakawafuta?

Mn'gambo Asilia: Na Desemba mwaka huohuo nani alifika fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati? Nyie Bara mlikuwa wapi?

Jangwani Damu: Mlifika, mkafungwa na Kenya kwa penalti.

Maalim: Na 1995 tulilibeba lilelile kombe, hilo mbona hulitaji? Lakini swali lilikuwa la skuli.

Mn'gambo Asilia: Maalim, subiri kwanza. Huyu hajajibu kuhusu babu yangu.

Mtoto wa Mji: Haya, alikuwa anachezea timu gani basi? Taja.

Mn'gambo Asilia: Ya mtaa. Nishasema.